Muulize Fundi: Kisu kinachoukwepa mzabibu

Mbukwenyi, wasomaji wangu. Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwenye mizabibu ya Dodoma: Hombolo, Mvumi, Makutupora, hata hapa kwetu Mpunguzi, ambako mtu angeweza kuvuka barabara tu akaniuliza. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu swali lake lilinigharimu mimi miaka mitatu na mizabibu 11, na sitaki limgharimu mtu mwingine.

*Fundi, shikamoo. Mimi na mdogo wangu tuna ekari 2 za zabibu za mvinyo hapa Hombolo, mizabibu ina miaka 6. Mwaka jana tulinunua trekta dogo la mtumba la Kijapani, nguvu za farasi 25. Lilikuja na rotaveta peke yake, ile ya visu vinavyozunguka. Katikati ya mistari tunapita nayo, lakini chini ya waya unaobeba mizabibu bado tunapiga jembe la mkono, na vibarua wamekuwa adimu. Tuliuliza bei ya mashine ya kupalilia chini ya mizabibu inayotoka nje, tukarudi nyumbani kimya. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Je, tunaweza kujitengenezea haro nyembamba, yaani jembe la meno la kuvutwa na trekta, na kisu cha kupita chini ya waya? Kati ya mstari na mstari ni mita 2.2, shina hadi shina mita 1.5. — Msomaji, Hombolo*

Marahaba, mwanangu. Mnaweza. Na nimefurahi umeandika vipimo, maana wengi huniletea picha ya mashine waliyoiona kwenye simu wakitaka niwachoree, bila kujua shamba lao lina upana gani.

Anzeni na vipimo hivyo hivyo. Mita 2.2 ni kutoka shina hadi shina, lakini trekta halipiti kwenye mashina, linapita kati ya majani na nguzo. Nenda na futi shambani mwezi ambao mizabibu imejaa majani, si baada ya kupogoa, upime sehemu iliyobana kuliko zote. Kwangu, mstari wa upana kama wenu unabaki na njia ya mita 1.7. Pima trekta kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi ukingo wa nje wa jingine. Mengi ya nguvu hiyo huwa karibu mita 1.2. Haro yenu basi iwe mita 1.3: ifute alama za matairi na izidi sentimita 5 kila upande, basi. Zinabaki sentimita 45 kila upande hadi kwenye shina, na hizo ndizo kazi ya kisu. Mkiifanya haro pana zaidi kwa tamaa ya kumaliza haraka, siku trekta litakapoteleza kidogo ndiyo siku mtakayong'oa nguzo.

Pimeni pia kichwa cha mstari, pale mnapogeuzia. Haro ikining'inia nyuma inaongeza urefu, na mizabibu ya mwisho wa mstari ndiyo inayolipa.

Sasa mahali pa kushikia. Trekta kama lenu nyuma lina mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu. Kama ni kipimo cha kawaida cha matrekta madogo, pini za chini ni milimita 22, ya juu milimita 19, nafasi kati ya mikono ya chini karibu sentimita 68, na pini ya juu inakaa sentimita 46 juu ya zile za chini. Yapo madogo zaidi yenye pini za milimita 16 na nafasi ya sentimita 51. Msikate chuma hata kimoja kabla hamjaipima mikono ya trekta lenu wenyewe. Nimeona kijana mzuri kabisa wa kazi akitengeneza haro ya kupendeza ambayo haikuingia kwenye trekta kwa tofauti ya vidole viwili.

Fremu: skwea paipu ya milimita 75 kwa 75, unene milimita 6. Boriti mbili za mita 1.3, moja mbele, moja nyuma, zikiachana sentimita 45. Meno saba: matatu mbele, manne nyuma, yamepishana ili kila jino lipite sentimita 20 kando ya mwenzake. Kutoka ardhini hadi chini ya fremu acheni sentimita 45 au 50. Watu hubana hapo ili kuokoa chuma, halafu majani na vijiti vya kupogoa vinajazana na haro inageuka reki. Hata hivyo, vijiti vya kupogoa vitoeni shambani kwanza.

Meno ni springi chakavu za lori, zile za mabapa. Hicho ni chuma bora kuliko chochote mtakachouziwa dukani kwa bei ile, lakini hapa ndipo fundi wa mageti anapokosea, kwa hiyo mdogo wako asome kwa utulivu. Springi ina kaboni nyingi. Ukiichomelea kama unavyochomelea engo, pembeni ya chomelea panakuwa pagumu na pakavu kama kigae, na jino litakatika hapo hapo siku ya kwanza litakapokuta jiwe. Dawa yake ni kutochomelea kabisa. Lifungeni jino kwenye boriti kwa yubolti, bolti zenye umbo la U, zile zile zilizokuwa zimefunga springi kwenye ekseli ya lori. Kwa mwenye vyuma chakavu zinapatikana pamoja. Kwa yubolti mnaweza kulisogeza jino, kulipandisha, kulitoa likachongwe. Tangu nianze kufunga hivi, sijavunja jino.

Kama ni lazima kutoboa tundu kwenye springi, ipashe moto hadi iwe nyekundu, ifukie kwenye majivu makavu ipoe usiku kucha, asubuhi itatoboka. Halafu irudishiwe ugumu. Kwa wembe wa chini, ule unaokaa kwenye ncha ya jino, wenye umbo la mguu wa bata, wenye upana wa sentimita 22 hadi 25 ili nyembe zipishane, fanyeni hivi: pasha hadi sumaku isishike tena, izamishe kwenye oili chafu. Msitumie maji, maji huipasua. Kisha isugue ing'ae na uipashe polepole hadi uone rangi ya bluu ikitembea kwenye chuma, uiache ipoe. Bila hatua hiyo ya mwisho wembe utakatika kama chupa. Fanyeni nje, mbali na nyasi, na kifuniko cha bati kiwe karibu, maana oili hushika moto.

Kina cha haro katikati ya mistari ni sentimita 8 hadi 10, si zaidi. Mizizi inayolisha zabibu iko juu kuliko mnavyodhani. Wekeni magurudumu mawili madogo ya chuma mbele ya kushikilia kina. Msiweke ya upepo. Mbigiri zetu zitawafanya mshinde mnaziba pancha.

Sasa kisu. Hapa nitakuwa mrefu.

Kisu changu cha kwanza kilikuwa bapa la springi nililolichomelea upande wa haro, limetokeza kuelekea kwenye mstari, halitembei. Nilijiambia nitaendesha kwa makini. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu ya kuchomelea na niliamini macho yangu. Mstari wa kwanza nilikata mizabibu 11. Niliipanda pamoja na mama yangu, Mungu amrehemu, na yeye ndiye aliyeibebea samadi kichwani. Nililizima trekta pale pale nikakaa chini. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba kazi ya kisu cha mizabibu si kukata majani. Jembe lolote linakata majani. Kazi yake ni kulijua shina na kulikwepa, kila mara, hata dereva akiwa amechoka.

Padre mmoja alinionyesha baadaye picha ya jembe la Wafaransa la kutoa udongo chini ya mizabibu, liitwalo décavaillonneuse. La zamani lilivutwa na farasi, na mkulima alitembea nyuma yake, kila akifika kwenye shina analikwepesha jembe kwa mpini, akipita analirudisha. Mkono wa mtu ndio uliokuwa ukilinda mzabibu. Mashine za kiwandani za leo zimeweka fimbo ya kupapasa mahali pa mkono huo: ikigusa shina, inafungua vali, na haidroliki inavuta kisu ndani. Sisi hatuna vali hiyo, ila fimbo ya kupapasa tunaweza kuwa nayo, na springi badala ya haidroliki.

Tengenezeni hivi. Kwenye kona ya fremu simamisheni pini ya milimita 30 ndani ya bushi ndefu, angalau sentimita 15, yenye tundu la grisi. Bushi fupi italegea ndani ya msimu mmoja na kisu kitaanza kuchimba upande. Kwenye pini hiyo ufungwe mkono unaozunguka kama bawaba ya mlango. Chini ya mkono huo mfunge kisu: bapa la springi ya gari, upana sentimita 8, urefu sentimita 50, limelazwa likitazama nyuma kwa pembe ya nusu mraba, hivyo kwenda pembeni linafika sentimita 35 tu. Lipite sentimita 4 au 5 chini ya ardhi. Pembe hiyo ni ya lazima. Kisu kilichonyooka kama mkono uliokunjuliwa kinazoa udongo, na udongo unakisukuma nyuma nguvu sawa na shina.

Juu ya ardhi, kwenye mkono ule ule, chomelea fimbo ya kupapasa: bomba la nusu inchi, limetangulia kisu kwa sentimita 15 hadi 20, limefika sentimita 60 kutoka kwenye pini, na ncha yake imepinda kurudi nyuma kama mkia, ili isiliachie shina kabla kisu hakijapita. Livisheni mpira wa bomba la maji kutoka mwanzo hadi mwisho, mpira mnene, mkaufunge vizuri. Ganda la mzabibu likichubuka kila palizi, ugonjwa una mlango na mchwa wana njia.

Kwa nini fimbo iwe ndefu kuliko kisu? Udongo unasukuma kisu karibu na katikati yake, tuseme sentimita 25 kutoka kwenye pini. Shina linasukuma fimbo kwenye sentimita 50 au 60. Kwa hiyo shina lina nguvu mara mbili ya udongo, hata zaidi. Ninyi mnatafuta springi ya kuvuta ambayo inakishikilia kisu dhidi ya udongo na bado inakubali kushindwa na shina. Hiyo ndiyo siri yote ya kifaa hiki. Tumieni springi mbili za kiti cha basi au za mlango mkubwa, na mnyororo mwishoni ili mweze kuhamisha pingili moja moja. Kisha chukueni mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama, mkafunge kwenye ncha ya fimbo na kuvuta. Kwangu, kwenye kichanga chekundu chenye unyevu kidogo, fimbo inaanza kurudi nyuma kwenye kilo 8. Ikifika 15 nalegeza. Kabla ya kuingia kwenye mizabibu, chomekeni vijiti vya mahindi vikavu kumi kwenye uwanja mtupu, kila mita 1.5, mpite. Vikisimama vyote kumi, ingieni shambani. Kikianguka kimoja, rudini kwenye karakana.

Mwendo ni kilomita 2 kwa saa, mwendo wa mzee anayetoka kanisani. Kwa mwendo huo mnafika shina jingine baada ya karibu sekunde 3, na springi inapata muda wa kukirudisha kisu. Mkienda kilomita 5 mtafika baada ya sekunde moja tu, na kisu kitakuwa bado njiani.

Fungeni kisu upande mmoja tu mwanzoni. Kitavuta trekta kidogo kuelekea upande huo, kwa hiyo kazeni minyororo ya pembeni ya mikono ya chini isiyumbe. Mwaka wa pili mtaona kama mnahitaji cha upande wa pili.

Mambo matatu ambayo kisu hiki hakiwezi, na nayasema wazi ili msije mkanilaumu. Kinaacha kisiwa cha majani kuzunguka kila shina, upana wa sahani. Hicho mtakitoa kwa jembe. Hakifai mizabibu iliyo chini ya miaka 3, shina lake halina nguvu ya kusukuma fimbo. Na hakiingii kwenye ardhi iliyokauka. Udongo wetu ukikauka mwezi wa saba ni tofali. Piteni siku mbili au tatu baada ya mvua au baada ya kumwagilia, majani yakiwa bado madogo, urefu wa kidole. Majani ya kufika goti si kazi ya kisu hiki.

Na mtu asipande juu ya haro kuongeza uzito. Ninajua kila kijiji kinafanya. Kijana aliyekuwa akinisaidia alipanda, fremu ikagonga kisiki, akaanguka mbele ya meno. Alipona, lakini mguu wake mpaka leo hauko sawa. Chomeleeni kisanduku cha kuwekea mawe. Kinahitaji nusu saa ya kazi.

Vijiti vya kuchomelea fremu: kwa boriti na mahali pa pini tumieni vile vya 7018, si vya 6013 vya mageti, na viwe vikavu. Vikishika unyevu, viwekeni kwenye oveni au karibu na moto kabla ya kazi. Mkikuta paipu iliyopakwa zinki, isugueni kwanza kwa grenda mahali mnapochomelea. Moshi wake mweupe unaleta homa usiku.

*Fundi, habari za kazi. Nina pawatila (trekta dogo la kusukuma kwa mikono) na ekari moja ya mizabibu Mvumi. Nataka kutengeneza bomba kubwa la kupigia salfa na dawa za shaba ili niache kubeba la mgongoni. Nimepata pipa la chuma la lita 200 lililokuwa na petroli. Nilikate juu au ubavuni? — Msomaji, Mvumi*

Dada yangu, usilikate. Pipa lililokuwa na petroli, hata likae wazi mwaka mzima, hubaki na mvuke kwenye mikunjo yake, na cheche moja ya grenda inatosha kulilipua. Mafundi wamekufa hivyo. Na hata kama lingekuwa salama, dawa ya shaba inakula chuma. Baada ya misimu miwili ungekuwa na kutu kwenye nozeli. Nunua pipa la plastiki, la lita 100 linatosha kwa pawatila, ulifunge kwenye kitoroli chake kwa mikanda. Pampu ifungwe kwa mkanda kutoka kwenye puli ya injini, na kichujio kiwe kabla ya pampu, si baada yake. Salfa ya unga hutuama chini, kwa hiyo rudisha bomba moja la maji ndani ya pipa liwe linakoroga muda wote.

Mkanda ule ufunikwe kwa wavu wa chuma kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Nakuomba hili kama kaka. Khanga ikishikwa na mkanda au shafti, mtu hapati nafasi ya kupiga kelele. Shafti ya nyuma ya trekta inazunguka mara 540 kwa dakika, ambayo ni mara 9 kila sekunde. Ukienda kupiga dawa vaa suruali au ovaroli, na khanga iache nyumbani.

*Fundi, ninaona unazungumzia haro na meno. Mimi nina rotaveta na inafanya kazi safi, udongo unakuwa laini kama unga. Kwa nini nihangaike? — Msomaji, Makutupora*

Angalia shamba lako wiki tatu baada ya kupita. Ukiona ndago imekuwa nyingi kuliko ilivyokuwa, jibu unalo. Ndago ina vinundu chini ya ardhi, na kila kinundu kilichotengwa na mwenzake ni mmea mpya. Sangari nayo kila pingili inachipua. Rotaveta inavikata na kuvisambaza mstari mzima, yaani umevipanda kwa trekta na dizeli yako. Meno yanavuta mizizi juu, jua letu linaimaliza. Tena huo udongo laini kama unga ndio mvua ya kwanza ya Desemba inaoupiga ukawa ganda, na maji yanakimbia juu. Sisi tunapata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima. Hatuna maji ya kupoteza. Rotaveta itunze kwa ajili ya kitalu.

*Fundi, shikamoo. Tangu tuanze kutumia trekta, maji yanasimama kwenye njia za matairi na mizabibu imedumaa. Nifanye nini? — Msomaji, Mpunguzi*

Marahaba. Tairi linapita mahali pale pale kila mara, na chini pamekuwa sakafu. Chimba shimo kwa jembe kwenye alama ya tairi, halafu jingine katikati. Ingiza kisu cha jikoni ubavuni mwa kila shimo, ukishuka polepole. Utahisi mahali kinapokataa. Kwangu ilikuwa kati ya sentimita 20 na 30.

Tengeneza ripa, jembe la kupasua sakafu hiyo, ya mguu mmoja: bapa la chuma la milimita 25 kwa 100, urefu sentimita 80, na mbele yake ncha ya springi iliyofungwa kwa bolti. Bolti ya juu ya mguu iwe dhaifu makusudi, ya milimita 8, ili ukikutana na mwamba ikatike yenyewe kabla hujavunja trekta. Beba kumi mfukoni. Trekta la farasi 25 litavuta mguu mmoja hadi sentimita 35, mguu wa pili usijaribu.

Pita baada ya mavuno ya Agosti na Septemba, kabla hujapogoa, ardhi ikiwa kavu. Ikiwa na unyevu mguu unakata mfereji tu kama kisu kwenye sabuni. Ikiwa kavu inapasuka pande zote. Utakata mizizi, haiepukiki, kwa hiyo pasua mstari mmoja uruke mmoja. Ile uliyoiruka, mwakani.